Mama Aliyemnyamazisha Mwanawe Mbele ya Mwalimu

Kumekucha Kamembe, mji wa mpakani nchini Rwanda, na Béata Mukarugwiza amekwisha kuchuchumaa mbele ya beseni la sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Anawapanga mafungu mafungu juu ya turubai. Mikono inakwenda mbio, na mdomo nao haupumziki.

"Papa, kuja uone, iko mubichi kabisa!" anamwita mpita njia, na mpita njia anageuka. Sokoni hapa hakuna anayemshinda Béata kwa maneno.

Ndiyo maana inashangaza kwamba ni yeye huyuhuyu aliyemfunga mdomo mwanawe.

Isimbi ana miaka sita. Shule yake ilifurika tangu familia zilizokimbia vita vya ng'ambo, Bukavu nchini Kongo, zivuke mpaka. Masomo ya mtandaoni, yaliyokuwa ya wanafunzi wakubwa, yakashushwa hadi darasa la kwanza. Wa asubuhi wanakaa darasani. Wa mchana, alimo Isimbi, wanasoma nyumbani kwa simu ya mzazi.

Siku nzuri Béata hubaki na faranga elfu tatu, na bando la intaneti halimwachi salama. Hilo hakulilalamikia. Kilichomtia kiwewe ni kwamba mwalimu angeingia nyumbani kwake, hata kama ni ndani ya simu.

Siku ya kwanza alifagia, akatundika kitenge kuficha ukuta wa udongo, akamkalisha mtoto mkekani. Kisha akamwambia, "Madamu ni mugeni. Mutoto hasemake mbele ya mugeni."

Desturi nzuri hiyo, lakini Béata anajua alivyoitumia. Nyumbani kwake wanaongea Kiswahili cha Bukavu, alikozaliwa. Alipovuka kuja Rwanda mwaka 1996, akiwa mtoto, Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza, na darasa zima liliangua kicheko kila alipofungua kinywa. Aliacha shule darasa la tatu.

"Nikasema wangu hapana, batamucheka," anaeleza akiinamisha uso. "Lakini ile aibu ilikuwa yangu. Mutoto hakukuwa na aibu yoyote. Ni mie nilimupatia."

Basi wenzake wakihesabu kwa pamoja, Isimbi alikaa kimya, sauti ya simu imezimwa. Akiitwa jina, anatazama chini. Loo, mtoto msikivu! Akiambiwa nyamaza, ananyamaza kweli.

Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wake, Mukansanga, alisema kwa upole kwamba kuna mtoto mmoja ambaye huenda hasikii. Shule ilionelea aondolewe darasani, akapimwe masikio, kisha aanze upya chekechea. Hakutaja jina. Béata alijua ni nani.

"Nilitaka udongo upasuke inimeze," anasema. "Batu banasema 'masikini, masikini', banamuhurumia mutoto wangu, na mie nimekaa pale, najua masikio yake iko muzima. Nikarudi nyumbani nikapika. Nikamupakulia mutoto peke yake."

Kesho yake alimwachia jirani biashara, akaenda shuleni na kumweleza mwalimu yote, kwa Kinyarwanda kilekile kilichowahi kuchekwa. Mukansanga alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili.

"Maman Isimbi, mie nilikulia Uvira. Nusu ya bale batoto banasemaka sawa weye. Kwa nini hukuniuliza?"

Béata anasema hapo ndipo aibu ilipomshika sawasawa. Kumbe alikuwa akimficha mtoto asionwe na watu wa kwao Kongo.

Isimbi ameruhusiwa kubaki darasa la kwanza kwa muhula huu mmoja. Asiposikika akijibu, atarudishwa chekechea. Sasa sauti ya simu inawashwa, lakini wapi! Mwalimu akimwita, anamgeukia kwanza mama yake. Juzi alinong'ona jibu la hesabu, tena sahihi, lakini kabla ya kujibu aliuliza, "Maman, niseme?"

Na si mbele ya simu tu. "Huyu alikuwaka na fujo! Alikuwa ananikata maneno, namugombeza," Béata anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imesimama. "Sasa akitaka maji ya kunywa, ananiuliza kama anaweza kusema. Ni mie nilimufanya vile."

Wenzake sokoni wakiulizwa mipango yao, wanataja kibanda au kiwanja. Béata anataja Jumatatu, siku ya somo lijalo. Siku za somo ataondoka sokoni mapema, akakae mkekani ubavuni mwa mwanawe, na darasa likianza kuhesabu, naye atahesabu.

"Kwa sauti ya juu, na kile Kinyarwanda changu," anasema. "Bacheke tu. Ninataka Isimbi anione nachekwa, na niko tu pale, naendelea."