Matairi ya Kumpakia Mama Furaha

Nilikwenda Lilongwe kutafuta matairi kwa sababu mke wangu alikuwa ameacha kupanda pikipiki yangu, na tangu aache, mimi na yeye hatukuwa tena na mahali pa kuzungumza. Nyumba yetu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, ina watoto, ina jirani anayesikia kila neno nyuma ya ukuta wa matofali mabichi, na kutwa nzima wanakwaya wanaingia na kutoka kupimwa sare anazowashonea. Mazungumzo yetu ya kweli tulikuwa tukiyafanya barabarani, mimi nimeshika gidoni, Mama Furaha nyuma yangu na furushi la nguo mapajani, akinisemesha sikioni. Ilikuwa hivyo tangu tukiwa mji wa Baraka, Kongo, kabla hatujaoana, nilipokuwa nikipakia abiria kando ya Ziwa Tanganyika hadi Uvira.

Mvua zilizopita tulianguka karibu na Lumbadzi. Sikuwa nakimbia. Tulifika kwenye kona yenye maji, tairi la nyuma likateleza, tukaenda chini, na Mama Furaha akavunjika mkono. Mkono ulipona na akarudi kwenye cherehani. Kwenye pikipiki hakurudi. Nguo alizokuwa akizipeleka mwenyewe kwa wateja wake mjini akaanza kuzituma na watu.

Nilipochuchumaa kuyakagua yale matairi niliona meno yake bado yapo, ndiyo maana sikuwahi kuyashuku. Lakini mpira ulikuwa umekauka, mgumu kama soli ya kiatu kilichoachwa juani, na ubavuni umejaa nyufa nyembamba. Pikipiki ni ya zamani, niliinunua Dowa kwa Mmalawi aliyehamia kwenye gari. Nadhani yale matairi ilitoka nayo dukani ikiwa mpya.

Nikamwambia nitabadilisha yote mawili.

"Badilisha," akasema. "Lakini kuchagua, tutachagua wote. Mifupa ni yangu."

Asubuhi tuliyoondoka Dzaleka kulikuwa na ubaridi na moshi wa majiko ulikuwa umetanda juu ya mapaa. Ruhusa ya kutoka kambini tulikuwa nayo. Mama Furaha alikwenda na gari la abiria, amekaa mbele kwa dereva, furushi lake mapajani kama zamani. Mimi nikafuata peke yangu. Kwenye vumbi la kambini matairi hayakunisumbua. Nilipoingia lami ndipo nilipoanza kwenda polepole, nikiegemea kona kwa woga, na baiskeli za kabaza zilizobeba watu kwenda sokoni nusura zinipite.

Njiani mahindi yalikuwa yamevunwa na mashamba yamebaki makavu. Ukitoka Dzaleka kwenda njia kuu, vilima vya Dowa vinakuwa nyuma yako na mbele ni tambarare tu. Kwetu Baraka, wilayani Fizi, ungekuwa na ziwa upande mmoja na milima upande wa pili, na usingeweza kupotea hata ukitaka. Nilikuwa nikimwambia Mama Furaha maneno hayo kila tulipopita hapo, naye kila mara alinijibu kwamba nimeshayasema. Siku hiyo nilipita kimya. Kanengo nikapokewa na harufu ya tumbaku, nikajua mji umefika.

Kwenye mtaa wa Area 49 tulipokelewa na Mayi Esnati, mwanamke wa Kimalawi anayeuza nguo, na ndiye mteja mkubwa wa mke wangu. Alitufungulia lango mwenyewe, akamshika Mama Furaha ule mkono uliovunjika, akaugeuza huku na huku kama anayekagua mshono. Kisha akatukalisha, akatuletea nsima, ugali wa kwao, na usipa, dagaa wa ziwani. Tulizungumza Kichewa, chetu kikiwa cha kuokoteza.

"Sasa utaanza kuja mwenyewe?" aliuliza. "Hao unaowatuma hawajui kuniambia nguo ikoje."

"Tutaona pinee kwanza," akajibu mke wangu. Pinee ni tairi kwetu sisi tuliotoka Kongo. Mayi Esnati hakulielewa neno lile, lakini alituangalia mimi na yeye kwa zamu, akaelewa mengine. Akachukua funguo za gari lake, akasema atampakia Mama Furaha hadi Area 23, mimi niwafuate na pikipiki, anamjua muuza matairi huko.

Area 23 mtu huyo alikuwa na rundo la matairi yaliyotumika, ameyapaka rangi yakang'aa. Ukiyatazama kwa mbali ni mapya. Nilikunja moja kidogo kwa mikono miwili na zile nyufa zikajifungua chini ya rangi, nyufa zile zile ninazozijua. Muuzaji akasema hayo ni ya kawaida, tairi lolote lina mistari. Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu. Aligeuka tu akarudi kwenye gari, amejishika kiwiko, na mimi nikamwambia muuzaji zikomo, yaani asante, nikamfuata.

Mchana tukawa Area 47, kwenye duka la vipuri lenye matairi mapya yaliyoning'inizwa ukutani. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akatoka nje kuiona pikipiki na kuisifu. Alitaka nichukue la nyuma liwe pana kuliko la zamani, alisema pikipiki itapendeza. Nikapima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi na mnyororo, nikaona pana litagusa. Nikamsomea namba zilizoandikwa ubavuni mwa la zamani, nikamwambia nataka hizo hizo, nyuma na mbele.

Akarudi na aina mbili, zote za kipimo changu. Moja ilikuwa ya lami, ina mifereji myembamba ya kutoa maji. Ya pili ilikuwa na meno makubwa yaliyoachana, ya kukamata tope.

Niliichukua ile ya meno. Hata sikufikiri. Ilikuwa aina ile ile niliyokuwa nayo Baraka, na nilipopitisha kiganja juu ya meno yake niliona mambo ambayo sikuwa nimeyaona kwa miaka: njia ya Mboko baada ya mvua, magari makubwa yamekwama, sisi tunapita pembeni, na Mama Furaha, enzi hizo binti wa fundi cherehani, amekaa nyuma yangu akicheka kwa sababu miguu yake imejaa tope na kanisani wanamngoja. Nilikuwa kijana mwenye pikipiki inayofika kila mahali. Nilisimama pale dukani nimelikumbatia tairi, na muuzaji akaanza kuandika risiti.

"Baba Furaha," mke wangu akaniita taratibu. "Tuko tunaenda Baraka?"

Mayi Esnati, ambaye hajui Kiswahili, alikuwa akitazama barabarani.

"Hapana," nikasema.

"Tunapita njia gani?"

"Ya lami. Dzaleka na Lilongwe."

"Na hiyo ya meno, kwa lami ya mvua inashika?"

Nilijua haishiki vizuri. Meno makubwa yanagusa lami sehemu chache, na yananguruma. "Ile ingine njo inashika," nikasema.

Alisogea akaligusa lile la meno, akabana jino moja kati ya vidole viwili, akakaa hivyo kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ilikuwa muzuri," akasema. "Ilitufikisha. Sasa tuirudishe pale."

Tukachukua ya lami. Nilitafuta ubavuni tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa, nikahakikisha hayakukaa dukani muda mrefu. Fundi wa pale akayafunga, na mipira mipya ndani. Akanionya kwamba tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, nisiilaze pikipiki kwenye kona hadi lichakae kidogo.

Alasiri tukaagana na Mayi Esnati. Mama Furaha akasema atapanda gari tena, na sikumbembeleza. Nilipita Kanengo peke yangu. Pikipiki ilikuwa imebadilika, ilikwenda laini, na nilipofunga breki ilisimama pale nilipotaka. Ningefurahi, lakini niliwaza kwamba nimenunua matairi mazuri ya kupakia furushi tu.

Lumbadzi, ng'ambo kidogo ya ile kona, nilimwona amesimama kando ya barabara na kitenge chake cha kijani. Gari lilikuwa limemshusha likaenda.

"Nimekuangalia ukipita pale," akasema. "Ulipita pole."

"Ndiyo."

"Basi endelea hivyo hivyo." Akashika bega langu, akapanda.

Kwa muda mrefu alinikaza ubavuni, nami nikaogopa hata kukohoa. Tulipoacha njia kuu na vilima vya Dowa vikatokea mbele, mikono yake ikalegea. Nikasikia pumzi sikioni.

"Yule mama wa Mboko," akasema, "mwenye kutuchomea samaki wa mikeke pale tulisimamaka. Aliitwa nani?"

Nikafikiri. Niliuona moto wake na ile sahani ya bati, lakini jina halikuja. "Mama Asende?"

"Hapana, Asende alikuwa wa Swima. Huyu alikuwa mufupi, mwenye kucheka."

Tulitaja majina hadi Dzaleka, alilopata yeye alilikataa mwenyewe, na nililopata mimi nililikataa mwenyewe. Tulifika mlangoni bila jibu, na hakushuka upesi.

Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba Baraka niliyodhani naibeba kichwani ninayo nusu tu. Nusu nyingine anayo Mama Furaha, na ananipa akiwa nyuma yangu, barabarani, kidogo kidogo. Siku hizi tunakwenda mjini pamoja. Jina la yule mama bado hatujalipata, na hatuna haraka.