Besi Nyingine Gerejini

Mwaka 1982 Rudy Escamilla alikuwa fundi wa pikipiki ndogo za skuta mjini Fullerton, California, na mpiga gitaa la besi wa bendi ya vijana wa suti za kubana, waliopenda nyimbo fupi za magitaa za enzi za kaka zao. Kiongozi wao, Kip Hadley, alianza kuahirisha mazoezi ya Jumapili: mara koo linamuuma, mara mama anaumwa. Rudy hakumwamini. Jumapili ya tatu alipita mtaani kwa kina Kip, akasikia besi ikilia gerejini, tena wimbo alioutunga yeye Rudy.

Kesho yake akamuuliza.

"Masikio yako yanakudanganya, bwana," Kip akacheka. "Ilikuwa redio."

"Redio gani inapiga wimbo ambao hatujaurekodi?"

Kip akajifanya anachana nywele.

Jumapili iliyofuata Rudy hakubisha hodi, aliinua tu mlango wa gereji. Kip hakuwepo. Alikuwepo Noreen, binti aliyeuza viatu dukani, akifanya mazoezi peke yake, besi begani.

"Kip aliniambia umeacha bendi," alisema, uso umemshuka.

"Mimi? Sijaacha kitu." Rudy akamtazama vidole. "Hebu rudia kiitikio."

Akarudia. Alikuwa amempita Rudy kwa upigaji, na hilo lilimuuma kuliko uongo wa Kip.

Mwezi uleule wawili hao waliunda bendi yao, Noreen kwenye besi, Rudy akahamia gitaa. Walidumu miaka sita, ingawa mwaka mzima wa kwanza Rudy hakumpa mtu yeyote ufunguo wa chumba cha mazoezi, hata Noreen.