Aliyekuja Kuomba Moto

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mama alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja likiwa wazi, namkagua mkunga. Kwa hiyo vita vilipofika mji wetu wa Kindu havikunifundisha kushuku. Viliniongezea kazi tu.

Treni zilikuwa zimesimama, na kiberiti kilikuwa adimu. Mwenye moto aliufunika kwa jivu usizimike, na asiye nao alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu kuomba makaa. Hilo halikumshangaza mtu. Mimi lilinishangaza, kwa sababu aliyekuja kwangu kila asubuhi alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi, mtoto wa watu wa Kasai walioletwa na reli, na yeye mwenyewe fundi wa reli. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya migomba yangu, na kila alipokuja, moshi ulikuwa tayari unafuka jikoni kwake.

Sikumuuliza. Ndani kwangu, nyuma ya magunia ya mpunga, alikuwa amejificha kaka yangu. Askari walikuwa wakiwakamata wanaume na kuwabebesha mizigo msituni, na wengi hawakurudi. Watu wa reli waliachwa, maana injini zilizosimama zilihitaji mafundi, lakini kaka hakuwa mtu wa reli. Mtaa mzima niliuambia amekimbilia kwa mama yetu Kibombo. Rafiki yangu nilimwambia hivyo hivyo, namtazama usoni. Akasema, "Vizuri," akageuka kuangalia kuku. Uongo wangu ulipokewa kirahisi mno, na jambo hilo halikunipendeza.

Tatizo la kaka lilikuwa kifua. Alijiziba mdomo kwa kitenge, lakini kikohozi kilitoka tu, kizito, cha mwanaume, na ukuta wetu ulikuwa wa udongo mwembamba.

Nikaanza kumchunguza mwombaji wangu. Mtu akipewa makaa huondoka. Yeye alichuchumaa jikoni, akazungumza habari za mpira, akacheka kwa sauti ya kufika barabarani. Tena alikohoa. Uwanjani alikuwa akikimbia mchana kutwa bila kukohoa hata kidogo, lakini akiingia kwangu tu, kifua kinambana.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Vumbi," akasema.

Yalikuwa majira ya mvua, na tope lilitufika vifundoni.

Halafu mama jirani, muuza sombe, yale majani ya muhogo, akanisimamisha njiani. "Na weye, huyu wako wa reli anakoholaka sana. Umupatie dawa."

Huyu wangu! Nilirudi nyumbani kwa hasira. Kumbe mtaa ulikwisha kutuoza, na yeye amekaa kimya, anacheka. Ama alinitaka bila kuwa na adabu ya kusema, ama ametumwa kunusa nyumba yangu. La kwanza lilinikasirisha. La pili lilininyima hamu ya kula.

Asubuhi iliyofuata nilimpa makaa yake, nikamfuata polepole. Katikati ya migomba alisimama, akayamwaga shimoni, akayafukia kwa mguu. Shimo lilikuwa limejaa makaa yaliyozimika, yote ya jikoni kwangu. Niliogopa kuliko siku yoyote ya vita vile.

"Nani anakutuma?" nikamuuliza.

Alishtuka, kigae kikamponyoka. "Hakuna muntu ananituma."

"Moto unaomba, moto unamwaga. Unatafuta nini kwangu?"

Alitazama kwanza upande wa barabara, ndipo akasema kwa sauti ya chini. "Kaka yako anakohoa. Mimi nimemusikia, na mama wa sombe naye amesikia. Sasa yeye anajua njo mimi nakoholaka."

Nikakaa chini palepale. Nilitaka kumshukuru, lakini kilichonitoka ni kwamba angeniambia mapema. Akajibu kwamba ningemshuku.

Askari walikuja wiki ileile. Mmoja akasema wamesikia kuna mwanaume ndani. Kabla sijafungua mdomo, mama wa sombe alijibu kutoka kwake, huku anatwanga: "Mwanaume iko. Njo ule wa reli, anakuyaka kila asubuhi." Na wa reli alikuwepo, amechuchumaa na kigae chake. Wakati huohuo kaka alibanwa na kikohozi nyuma ya magunia. Rafiki yangu akakohoa kuifunika sauti yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na askari akarudi nyuma, akiziba pua. Waliondoka na kuku wawili.

Vita vilipoisha, kaka alihamia kijiji cha Tunda kulima. Na rafiki yangu akaacha kuja. Kila asubuhi nilichochea moto nikatazama migomba, wala hakutokea mtu. Kumbe alikuwa akija kwa ajili ya kaka tu. Iliniuma, na nilishangaa kwamba inaniuma, nikajishuku mwenyewe.

Siku moja nilichukua kigae nikaenda kwake. Kiberiti kipya kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kitenge changu.

"Nimekuja kuomba moto."

Alinitazama, akatazama nyuma yangu. "Na ule moshi kwako?"

"Wa jirani."

Jiko lake lilikuwa linawaka vizuri kabisa, sufuria linachemka. Akasogea kwenye benchi kunipa nafasi. "Ikala kwanza," akasema. "Makaa haiyashika."

Tangu siku hiyo tunapika jiko moja. Kaka hutufikia akitoka Tunda na mchele wake, na kifua chake hakijapona vizuri. Juzi alikohoa chumbani. Mume wangu, aliyekuwa uani akitengeneza baiskeli, akakohoa palepale, bila kuinua kichwa.

Nikatoka, nikamuuliza ana nini.

"Vumbi," akasema.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.