Hatua Saba Kutoka Mlangoni

"Toa mkanda, hereni, vibanio vya nywele, na sidiria kama ina chuma." Miaka kumi na tisa Mama Vyuma, muuguzi wetu, anawaambia wagonjwa maneno hayo hayo, nao humnunia yeye badala ya mashine. "Nikistaafu," huniambia, "sitaki kuona hata kijiko."

Mimi ndiye fundi wa mashine hiyo. Inapima usumaku wa moyo, na usumaku huo ni hafifu mno. Kibanio kimoja kinatosha kuufunika. Ndiyo maana chumba chake kina kuta nene na mlango mzito.

Lakini mganga hajigangi. Mama Vyuma mwenyewe ana bamba la chuma pajani tangu avunjike mguu. Akisogea karibu na mlango, mistari kwenye kompyuta yangu huchafuka. Nilimchorea alama sakafuni, hatua saba kutoka mlangoni, na hapo husimama mpaka kipimo kiishe. Kiti cha plastiki tumekiomba tangu mwaka juzi.

Jana aliyeletwa kupimwa alikuwa bintiye, mjamzito wa miezi saba. Mimba ya kwanza iliharibika. Moyo wa mtoto yule ulikuwa ukiruka mapigo, madaktari wakagundua wakiwa wamechelewa.

"Mama, ingia na mimi. Naogopa mlango ukifungwa."

"Siwezi, mwanangu. Mguu huu utaharibu kipimo. Mama mkwe wako ataingia."

Mkwe akavua bangili zake zote, akaingia kifua mbele. Mama Vyuma alimwonea wivu, wala hakunificha.

Dakika ishirini. Kutoka kwenye alama yake aliweza kuona kompyuta. Katikati ya mapigo makubwa ya binti yalitokea madogo, ya haraka haraka. Tukayafuata kwa macho, moja baada ya jingine. Hakuna lililoruka. Ilipofika dakika ya kumi na mbili mguu wake ulianza kuuma, nikauona uso ukikunjamana. Machozi yalimtoka, asinyanyue hata mkono kuyafuta.

Mlango ulipofunguliwa, binti alitoka ameshikana mikono na mkwewe.

"Yuko salama," nikawaambia.

Binti akamgeukia mama yake, macho mekundu. "Ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Hapa hapa. Sikusogea."

Akataka kumwendea, mguu ukagoma. Ikabidi binti ndiye amfuate, na tumbo lake, hatua zote saba.