Kufuli la Jirani

Jirani wa Mama Tshiela hajawahi kufunga mlango mara moja tu. Kila asubuhi hubana kufuli, hulivuta, hufika barabarani, kisha vidole vyake virefu huanza kupapasa hewa na miguu ikamrudisha mbio. Mama Tshiela, anayeanika mihogo katika ua wao wa pamoja, hata shingo haigeuzi. “Ulisha kufunga mulango, tata. Enda ku kazi.” Hapo ndipo huondoka.

Kazi yenyewe ni kuandika programu ya ndege ndogo isiyo na rubani, ijiendeshe na kupiga picha mashimo ya mgodi wa Musonoi. Ameifundishia uani hapo hapo, akiinong'oneza kama anayefunda mwali: ukiingiwa na shaka, rudi nyumbani, hakikisha, ndipo uendelee. Siku ya kuwaonyesha wakubwa wa mgodi, ambao wakiridhika wataichukua, aliondoka na tai shingoni. Jua halijapanda sana, ndege ikaingia uani peke yake, jicho limejaa vumbi la mgodi. Ikaning'inia mbele ya mlango wa jirani, ikaenda hadi barabarani, ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi tena. Kuku wakakimbilia jikoni.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya jirani, wakubwa walikuwa wakifoka.

“Mama, ndege yangu imepotea!”

“Haiyapotea, tata. Iko hapa, inaangalia kufuli yako.”

Jirani akawapa wakubwa mgongo. Kisha, kwa sauti ya chini wakubwa wasimsikie, akauliza, “Na kufuli, imefungwa?”