Bibi Kazeeka, Atasuapiwa

Kwetu kisiwani Nosi Be maua ya langilangi yalipikwa mitamboni nje ya mji, na harufu yake iliingia nyumbani bila hodi, ikakaa kwenye mashuka, kwenye wali, kwenye nywele za mama. Mpaka leo, hapa Unguja na mvi zangu hizi, mtu akipita kajitia manukato yale nasimama tu njiani. Nakuwa na miaka kumi na moja, mguu mmoja uko Andoany, mjini kwetu, na wa pili uko Mahajanga. Wajukuu zangu wananong'ona eti bibi kashikwa na mashetani. Sijashikwa na chochote, mie. Nakumbuka neno.

Neno lenyewe si letu. Ni la Kiingereza, tena si Kiingereza cha kuvalia tai, ni kile cha watu wenye mikono ya grisi. Baba alilipata ujanani kwao Mahajanga, wakati wa vita, askari wa Kiingereza walipotua na yeye akapata kibarua cha kushika spana kwenye karakana yao. Baadhi ya madereva wao walikuwa watu wa bara, wanasema Kiswahili, na hao ndio waliomfundisha. Kitu kikifa usikililie, walimwambia, kisuapu. Toa kibovu, tia kizima.

Vita vikaisha, askari wakaenda zao, neno likabaki kinywani mwa baba. Alikuwa fundi wa injini kwenye chombo kilichovusha watu na mizigo kati ya Andoany na Antsahampano kule ng'ambo, na kila kitu duniani kwake kilikuwa cha kusuapiwa. Taa ikiungua, suapu. Kola ya shati ikichanika, mama aigeuze, suapu. Mchele ukipungua akala muhogo, huku anacheka, "Leo tumesuapu." Uhuru ulipokuja, akarudi kutoka mjini akatuambia bendera wameisuapu, ila Mfaransa wa ofisi ya bandari bado yupo palepale kitini, huyo hawajapata kipuri chake. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda darasa la jioni kujifunza Kiingereza, mwalimu alituambia kwamba neno lile maana yake ni kupeana: wewe unipe chako, mimi nikupe changu, kila mtu aondoke na kitu mkononi. Kutoa kibovu na kutia kizima ni maana ya pili, ya watu wa mitaani, na wao huliongezea kijineno nyuma. Nilikaa kwenye dawati nikaona baridi. Maisha yangu yote nililijua kwa maana ya pili tu.

Mama alikuwa mtu wa Unguja. Alikuja Mahajanga msichana, na baba yake aliyekuwa mshonaji, akaolewa pale, kisha akahamia Nosi Be kumfuata mumewe. Mji mzima ulisema Kimalagasi, na ofisini Kifaransa. Kiswahili chetu kiliishi ndani ya mlango wetu, baina yangu na mama. Baba alikuwa nacho kidogo, cha kuomba chai na kuomba radhi. Kimalagasi mama hakukisema. "Ulimi wangu mzito," alikuwa akisema, na sote tukaamini hana zaidi ya maneno ya sokoni. Baba alimwita "bibi", kwa heshima ya kwao Unguja. Bibi, chai. Bibi, nimerudi. Jina hilo mama alilipenda, uso wake ulikuwa ukilainika akilisikia.

Sasa tazama mambo. Kwa Kimalagasi kuna neno biby. Huandikwa vingine, lakini sikioni ni bibi tupu. Maana yake mnyama. Na baba, akiwa kazini, injini yake aliiita hivyo, kwa jinsi ilivyonguruma. Nyumbani hakuitaja, maana mama alikataza habari za grisi kuvuka kizingiti. Mimi nilijua kwa sababu ndiye niliyempelekea chakula cha mchana bandarini. Nimeikalia biby ile, nimeisikia ikikohoa, nimemsikia baba akiibembeleza.

Mchana mmoja, baada ya kula, baba alikaa barazani na mwenzake wa kazini wanakunywa maji ya ukoko, yale yanayochemshiwa kwenye sufuria la wali lililoungua kidogo. Mama alikuwa ndani nyuma ya pazia anachagua mchele, mimi nimejilaza mkekani karibu yake, usingizi unakuja na kuondoka. Baba akamwambia mwenzake kwa Kimalagasi kwamba biby amezeeka, anakohoa kutwa, amechoka naye. Atamsuapu. Mpya anakuja Mahajanga na meli.

Nasema amezeeka, nasema naye, kwa sababu ndivyo yalivyosikika. Kimalagasi hakina "hii" na "huyu" ya kukusaidia. Neno moja linamtosha mtu, mbuzi na mashine.

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Wiki ile alikuwa na kifua, anakohoa. Akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, baba yako kasema nini?"

Ningesema, "Injini, mama." Neno moja tu. Lakini mimi mtoto nilikuwa na Mahajanga yangu kichwani. Kila alasiri mama alinisimulia nyumba ya dada yake pale, mama yangu mkubwa, mjane asiye na mtoto: ua wenye kivuli, barafu iliyokwaruzwa ikamiminiwa sharubati, vigari vya kuvutwa na watu vikipita barabara ya pwani. Nilikuwa nikifumba macho naiona. Nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mama akikasirika atakwenda kwa dada yake, na atanichukua.

"Kasema bibi kazeeka," nikamjibu. "Atamsuapu. Mpya anakuja Mahajanga na meli."

Wala sikusema uongo, unaona? Neno kwa neno. Mama alinitazama, akasema, "Haya," akarudi kuchagua mchele mpaka punje ya mwisho.

Baada ya siku tatu tukaondoka, baba yuko kazini. Njia ya Antsahampano haikutufaa, maana mwenye injini ndiye huyo tunayemkimbia, kwa hiyo tukapanda meli ya pwani. Mama alimwachia jirani maneno: "Mwambie nimempunguzia kazi ya kunitoa." Basi. Hakulia, na mimi kwa furaha niliyokuwa nayo sikuona kitu.

Mahajanga ilikuwa kama nilivyoiota, na hilo ndilo lililonitisha. Maji ya ghuba yalikuwa mekundu kwa udongo wa mtoni. Joto lilikaa juu ya paa, hakuna aliyekwenda haraka. Mama mkubwa alinikanda miguu, akanipaka msindano usoni, liwa ya kule, akanishonea kanzu mbili kwa kitambaa kimoja, akaniita "mwanangu" kabla sijazoea kumwita mama. Asubuhi alitununulia mokari wa moto, mkate wa mchele wenye nazi, tunakula bila kusema. Nililala mchana nikaamka sijui ni siku gani. Nilikula barafu mpaka ulimi ukafa ganzi.

Mama hakula. Honi ya meli ikilia bandarini alikuwa akiinuka, anakwenda mlangoni, anashika mwimo, anarudi. Ukimuuliza anasema, "Sijambo."

Siku moja tulivuka kwenda Katsepy, mama mkubwa alitaka samaki wa ng'ambo. Katikati ya ghuba injini ya kivuko ikaanza kukohoa, kikohozi kilekile, mbao zikatetemeka chini ya nyayo zetu. Nikaona uso wa baba. Nikakaribia kusema. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya ubao, anausikiliza.

"Na hii nayo imezeeka," akasema.

Alisema "hii". Mimi nikashukuru tu kwamba hakunitazama, nikameza maneno yangu na samaki wakanunuliwa.

Siku ya kumi na mbili baba akaja. Alisimama mlangoni na kofia yake ya grisi mkononi, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Mama akaingia chumbani akavuta pazia. Mama mkubwa ndiye aliyempokea, na alimpokea kwa ulimi.

"Huna haya! Unakuja kufuata nini? Si umesema utamsuapu ndugu yangu?"

"Kumsuapu nani?"

"Bibi! Kazeeka, anakohoa, umechoka naye!"

Polepole baba akanigeukia mimi. Alinikumbuka nimeikalia ile mashine miguu inaning'inia, nala ndizi yake. Lau angenipiga ingekuwa nafuu.

"Ni injini, mama!" nikapiga kelele. "Biby ni injini! Mimi nilijua! Nilijua tangu siku ile!"

Pazia likafunguka.

"Najua," mama akasema.

Mama mkubwa akakaa chini. Baba akamwuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kama alijua, kaondoka kwa nini? Na mama, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akamjibu kwa Kimalagasi, laini, kisichogugumia hata kidogo. Kwamba miaka kumi na mbili ananunua samaki pale kisiwani, atakosaje kujua biby ni nini. Kwamba moyo wake uliruka tu kidogo aliposikia, akataka mtu amtulize. Akamwuliza mwanawe, na mwanawe alipokubali, moyo ukamshinda akili.

Kisha akaniangalia, akarudi kwenye Kiswahili chetu.

"Nilikuuliza wewe ili uniambie hapana."

Yarabi! Mpaka leo sijui pa kuuweka uso.

Akamgeukia baba. "Na wewe, umekuja kuchukua injini au umekuja kuchukua bibi?"

"Injini haijafika," baba akasema. "Itakuja mwezi ujao. Chombo nimempa mwingine. Nimekuja kuchukua bibi."

Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika, na sote tukajua anacheka. Jioni ile alikula sahani mbili.

Usiku wa kuamkia safari alinisuka nywele. Vidole vyake havikuwa na hasira, ndiyo maana sikuelewa mapema. Alipomaliza akaniambia kwamba dada yake ameomba mtoto miaka yote, na yeye amemkubalia. Kwetu ni jambo la kawaida, mtoto hulelewa na mama mkubwa, hakuna anayelishangaa.

"Uliitaka Mahajanga," akasema. "Basi ndiyo hii, mwanangu."

Wakaondoka wawili. Kumbe mwalimu yule wa Kiingereza alisema kweli: mama alimpata mumewe, dada yake akapata mtoto, mimi nikapata mji wa ndoto zangu, kila mtu na kitu mkononi.

Mwezi uliofuata baba alirudi kuchukua injini. Nilisikia habari sokoni, na tangu alfajiri nikawa nimefunga nguo zangu kwenye kitambaa. Nikakimbia mpaka bandarini. Injini ilikuwa mpya, imepakwa rangi ya kijani, wanaume sita wanaiteremsha kwa kamba kwenye chombo cha Nosi Be. Baba alinishika kichwa. Mkono wake ulinuka mafuta na, kwa mbali, langilangi.

"Mama yako hajambo. Kifua kimepoa," akasema. "Amenituma nikuulize kitu. Biby ni nini?"

Nikajua nimeulizwa mara ya pili.

"Ni injini, baba. Bibi ni mama. Bibi hazeeki, hasuapiwi."

Baba alinitazama, kisha akautazama mzigo wangu wa nguo, akauchukua akaushika kidogo, akanirudishia mikononi taratibu. Macho yake yalijaa maji.

"Nitamwambia," akasema, akashuka chomboni.

Nilikaa Mahajanga miaka saba.