Kuitikia Bila Kusikia

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kunong'ona. Baba ni fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai, na mtu aliyekaa miaka yote hiyo kando ya mashine za kusaga majani huzungumza kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Mama alimjibu kwa sauti hiyohiyo, sisi watoto tukaiga, na majirani zetu wa Boito, Wakipsigis, wakawa wanatutania kwamba Wakikuyu wa kwa fundi hawana siri. Walisema kweli. Tukigombana asubuhi, mchana watu wa sokoni wanatuuliza kama tumeshapatana.

Kwa hiyo masikio yangu yalijificha vizuri. Nilipokuwa mdogo yalikuwa yakitoka usaha kila msimu wa baridi, Mama anayasafisha kwa pamba, basi, yameisha. Shule ya msingi nilikaa mbele kwa sababu nilikuwa mfupi. Shule ya upili niliambiwa mara nyingi kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nikaamini kuwa nina tabia mbaya. Sikujua kwamba wenzangu hawasomi midomo. Nilidhani kila mtu humtazama msemaji mdomoni, kama kila mtu anavyotazama anapokanyaga.

Nilipomaliza kidato cha nne muuguzi mmoja huko Bomet alinipima, akasema sikio la kushoto limebaki na kidogo sana, la kulia nusu. Nikapata kidude cha kuongeza sauti, cha kuvaa sikio la kulia. Watu hudhani ukishakivaa umepona. Mahali patulivu kinasaidia, sikatai. Penye watu wengi kinakuletea kila kitu kwa pamoja, viti, kikohozi, karatasi, mlango, na maneno ya mwalimu yako humo ndani mahali fulani, uyatafute mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoingia chuoni, upande wa Kericho, kusomea afya ya mifugo. Nilichagua kozi hiyo kwa sababu napenda ng'ombe, na pia, niseme ukweli, kwa sababu ng'ombe hawanong'oni.

Mwalimu wetu wa magonjwa alinong'ona. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyelelewa vizuri, na hapo ndipo penye tatizo. Huku kwetu heshima ina sauti ya chini. Mtu mzima hapayuki mbele ya watu, na kijana akisemeshwa na mkubwa hamkodolei macho. Anainamisha kichwa, anasikiliza. Mwalimu alifundisha akitembea taratibu kati ya madawati, akiongea na dirisha, akiongea na viatu vyake. Mimi nami nilimfuata kwa macho kila alikokwenda, nikigeuka kitini, nikimtazama mdomoni bila aibu. Siku moja alisimama.

"Wewe msichana, kwani niko na kitu kwa uso?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Darasa zima likacheka. Nikacheka pia, maana wengine walikuwa wanacheka. Baadaye mwenzangu niliyekaa naye ndiye aliyeniambia nimeulizwa nini. Woi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini niwaeleze kuhusu hiyo ndiyo yangu. Kuitikia bila kusikia ni kazi kama kazi nyingine, ina ufundi wake. Unangoja sauti ya mwenzako ipande mwishoni, unajua ni swali. Unatazama uso wake. Ukiona matumaini, unasema ndiyo. Unatabasamu, lakini unachelewa kidogo, kwa kuwa kwanza umewaangalia watu wengine kama wanatabasamu. Unaongeza "asante" panapobaki nafasi. Mara nyingi unapita. Nilikuwa nimepita hivyo kwa miaka, na nilijivunia.

Mtihani mdogo wa kwanza ulinikamata. Mwalimu alisoma maswali kwa mdomo, kila swali mara mbili, huku akitembea, nasi tuandike majibu. Hakuna mahali pa kusema ndiyo kwenye karatasi. Nilipata alama za kuandika jina langu. Aliniita, nikafunua kitambaa cha kichwani, nikamwonyesha kidude.

"Mbona hukuniambia?"

Wakati huo alikuwa ameniangalia, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Akaniambia yeye mwenyewe hawezi kunipa mtihani tofauti na wenzangu bila ruhusa ya msajili, niende kwake mapema, kwa sababu mtu akianguka mitihani hiyo muhula mzima anatolewa kwenye kozi.

Wiki hiyohiyo ikanyesha ile mvua yetu ya alasiri, yenye mawe. Ukumbi wetu ni wa mabati bila dari. Hapo hata ukipiga risasi hakuna atakayegeuka. Mwalimu alijaribu kuongea, akashindwa, akachukua chaki. Aliandika kila kitu ubaoni. Alichora ini la ng'ombe na minyoo yake, akageuka kututazama, akawa anaonyesha kwa kidole na kufungua mdomo wazi kabisa kama mtu anayemlisha mtoto uji. Wenzangu waliguna kwamba kipindi kimeharibika. Mimi nilitoka pale naijua minyoo ya ini kuliko mtu yeyote.

"Leo amefundisha vizuri sana," nilimwambia mwenzangu.

"Ai! Wewe uko sawa kweli?" akasema.

Basi nilipokwenda kwa msajili nilijua ninachotaka. Alikuwa mama mmoja mstaarabu, mwenye ofisi ndogo na dirisha kubwa. Hakunipa nafasi ya kumaliza. Aliniambia jambo kama hilo haliongelewi na mtoto, nilete mzazi.

Baba aliomba ruhusa kazini. Alivaa koti la kanisani, akang'arisha viatu, matope yakavimaliza kabla hatujafika barabarani. Njia nzima alinipa maagizo, kwa sauti ya kiwandani, abiria wote wa matatu wakisikia. Nisimkodolee macho mama wa watu. Nisimkatize. Yeye ndiye ataongea. "Wewe unyamaze tu," alisema, "mimi nitapanga." Nilimwamini. Huyu ni mtu aliyekuwa akiwaambia watu kanisani kwamba binti yake atakuwa daktari wa ng'ombe, na wale wa nyuma walimsikia vizuri kabisa.

Ofisini akawa mtu mwingine. Aliketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini, kichwa chini. Msajili alikuwa amelipa mgongo dirisha, uso wake umeingia kivuli, na aliongea akiitazama kompyuta. Nilisogeza kiti hadi nikapata upande mmoja wa mdomo wake. Nikaokota vipande. Hapa hawana walimu wa lugha ya ishara. Kuna chuo kingine, cha viziwi, mbali, kaunti nyingine kabisa. Wanafundisha ushonaji. Mimi sijui ishara hata moja, na sindano sijawahi kuipenda. Kisha akamgeukia Baba.

"Nafikiri huko atasaidika zaidi. Anaweza kuhama hata mwezi huu. Tumekubaliana, mzee?"

"Ndiyo, madam," Baba akasema. "Hakuna shida."

Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanilenga. Hakuuliza hata swali moja. Hakunitazama. Nilimwona mwoga, mtu wa makelele barabarani ambaye akiketi mbele ya meza ya mkubwa anamtoa mtoto wake kama jogoo wa mgeni. Nilimchukia kabisa, kwa muda huo mfupi.

Msajili alifurahi mambo yalivyokwenda rahisi. Akachukua kalamu, na kwa uungwana, bila kuinua macho, akauliza, "Leo mmekuja na nini, mzee? Boda boda?"

"Ndiyo, madam. Asante sana."

"Nilikuwa nafikiri matope yangewazuia. Kwenu kunanyesha tangu lini?"

"Ndiyo," Baba akasema. "Asante sana, madam."

Akatabasamu. Tabasamu lilichelewa kidogo, na kabla halijafika, macho yake yaliuangalia uso wangu kuona kama mimi natabasamu.

Niliganda. Ile ilikuwa kazi yangu. Kichwa kimeelekezwa upande mmoja, ndiyo, asante, na yale macho yanayoomba msaada huku yakijifanya hayaombi kitu. Baba hakuwa amesikia neno lolote tangu tuingie. Alikuwa amenihamisha kaunti bila kujua. Na hapo nikaelewa mengine mengi, mambo ya nyumbani: mikutano ya wakulima aliyoieleza kwa maneno mawili, mahubiri asiyoyasimulia, redio iliyopiga kelele mpaka ng'ombe wanashtuka. Kiwandani walipewa vizibo vya masikio, naye akawa anavitia mfukoni, akisema fundi aliyejiziba hawezi kusikia mashine inapoanza kuharibika. Watu walimsifu kwa hilo.

Kalamu ya msajili ilikuwa inaandika. Nilijua nikinyamaza nimekwisha. Nilijua pia kwamba mtoto hamvui baba yake nguo mbele za watu, tena fundi ambaye kazi yake ni kusikiliza mashine. Ningeweza kusema tu kwamba sitaki kwenda. Lakini mzazi alikuwa amekubali, na neno langu dhidi ya neno lake pale ofisini lingekuwa utovu wa adabu, halingekuwa na uzito wowote. Njia ilikuwa moja. Nilimhurumia, na huruma yenyewe ikaniudhi.

"Madam," nikasema, "Baba hajakusikia."

Kalamu ikasimama. "Amesema amekubali."

"Anasema ndiyo tu. Hasikii. Mwangalie usoni, halafu upaze sauti kidogo."

Baba aliona tu kwamba nimemkatiza mama wa watu. Akanikunjia uso. Msajili naye alisita, akainuka, akazunguka meza, akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbele yetu. Akarudia kila kitu, polepole, akimtazama. Niliona maneno yanavyomfikia Baba moja baada ya jingine.

"Aende wapi?" Baba akasema. Sauti ya kiwandani ilikuwa imerudi, na mlango wa ofisi ya pili ukafunguliwa. "Akashone? Nani amesema?"

"Wewe, mzee. Umesema hakuna shida."

Baba alitazama kofia yake. Masikio yake, kwa nje, ni makubwa, mazuri. "Mimi nilikuwa naitikia tu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuiona kinywani mwake kabla ya siku hiyo.

Kisha akanionyesha kwa kidole. "Muulize mwenyewe. Ako hapa."

Nikasema. Kiti cha mbele, upande wa kulia. Mwalimu aongee akitutazama. Maswali ya mtihani yaandikwe. Nikasema mwalimu hana haja ya kujifunza kitu kipya, afundishe tu kama anavyofundisha mvua ikinyesha. Msajili akataka nieleze hilo, nikaeleza, akacheka, kisha akauliza swali la maana: nitasikilizaje tumbo la ng'ombe na kile kipimo cha masikioni?

"Tumbo la ng'ombe tunalipima kwa ngumi pia," nikasema. "Unaikandamiza ubavuni upande wa kushoto, unangoja likusukume." Hilo tulikuwa tumelisoma. Kwa mapafu na moyo sikuwa na jibu, nikamwambia sina. Akasema ataongea na idara, kuna vipimo vyenye kuongeza sauti, wataona. Kwa muhula huo nibaki, kila kitu kifanyike nilivyoomba, halafu tutazame matokeo. Ndivyo ilivyopangwa. Mwalimu alisahau mara kwa mara, akarudi kwenye viatu vyake, nami nikawa nainua mkono.

Safari ya kurudi Baba alitazama nje dirishani. Niliketi kando yake nikingoja anigombeze. Nilikuwa nimemwaibisha na hakuna njia ya kulipamba hilo. Nikamtayarishia maneno ya kuomba radhi, sikuyatumia, kwa sababu hakunigeukia hata mara moja.

Nyumbani jioni Mama alikuwa jikoni anakaanga sukuma wiki, ametupa mgongo, na ndugu zangu wadogo wamekaa kwenye benchi wakingoja chakula. Mama akauliza kwa sauti kubwa, "Haya, huko chuoni walisemaje?"

"Muulize huyu," Baba akasema. "Mimi sikusikia."

Alilisema vizuri, kila mtu jikoni akalisikia. Ndugu zangu wakaacha kusukumana. Mama hakugeuka. Aliendelea kukoroga, mafuta yakilia, akasema kitu kingine, kifupi, kwa sauti ya chini, akiiambia sufuria. Nilimtazama Baba. Mdomo wake ulikuwa tayari umeanza kuitengeneza ile ndiyo. Akaufunga.

"Geuka," akamwambia. "Geuka uniambie tena."

Mama akageuka, mwiko mkononi. Mimi pia sikuwa nimesikia, lakini aliyeomba arudie alikuwa Baba.